Mita, Saa na Daftari: Jinsi ya Kupima Matumizi ya Umeme Nyumbani

Utangulizi

Katika miji mingi ya Tanzania zipo nyumba ambazo wapangaji kadhaa hutumia mita moja ya umeme. Kila mwezi wapangaji hao huchanga fedha sawasawa, mmoja wao hutumwa kununua uniti za LUKU, na namba zikaingizwa katika mita. Kwa siku za mwanzo hapana neno. Lakini uniti zinapokwisha kabla ya siku iliyotazamiwa, maneno huanza. Kila mtu humtafuta mkosaji, na aghalabu mkosaji huonekana kuwa ni yule ambaye dirisha lake lina mwanga usiku wa manane, yaani mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Huyo huambiwa azime taa saa tatu, ili asimalize umeme wa watu.

Je, hukumu hiyo ni ya haki? Macho hayawezi kulijibu swali hili. Macho huona mwanga, na masikio husikia redio. Lakini umeme mwingi nyumbani hutumika mahali pasipo na mwanga wala kelele. Anayeweza kujibu ni mita, ikiwa itasomwa na mtu anayeielewa. Makala haya yanaeleza jinsi mwanafunzi wa sekondari anavyoweza kupima matumizi ya umeme ya kila kifaa kwa kutumia vitu vitatu tu: mita iliyopo ukutani au nguzoni, saa yenye kuonyesha sekunde, na daftari.

Nguvu na nishati

Kosa la kwanza katika ugomvi wa umeme ni kuchanganya mambo mawili ambayo katika fizikia ni tofauti: nguvu na nishati. Nguvu ya kifaa ni kasi ambayo kifaa hicho hutumia nishati, nayo hupimwa kwa wati. Wati moja ni jouli moja kwa kila sekunde. Nishati ni jumla ya kilichotumika katika muda wote ambao kifaa kimewaka. Uhusiano wake ni huu:

Nishati = nguvu × muda

Mfano wa maji husaidia. Bomba lililofunguliwa sana hutoa maji kwa kasi, na bomba linalovuja hutoa tone moja moja. Lakini maji yaliyomo ndani ya pipa jioni hayategemei kasi peke yake. Bomba kubwa lililofunguliwa kwa dakika moja laweza kutoa maji machache kuliko bomba dogo lililovuja mchana kutwa. Wati ni kasi ya maji bombani. Uniti ni maji yaliyokwisha kuingia pipani. Kinacholipiwa ni maji yaliyomo pipani.

Uniti moja ya umeme ni kilowatisaa moja, yaani nishati inayotumiwa na kifaa chenye nguvu ya wati 1,000 kikiwaka kwa saa moja. Kwa kuwa saa moja ina sekunde 3,600, uniti moja ni sawa na jouli 3,600,000. Nishati hiyo si ndogo. Kama ingetumiwa yote kunyanyua mzigo bila kupotea, ingetosha kupandisha gunia la kilo 100 kutoka usawa wa bahari hadi kimo cha mita 3,600 hivi, ambacho ni zaidi ya nusu ya kimo cha Mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895. Mpagazi angefanya kazi hiyo kwa siku kadhaa. Birika la umeme la wati 2,000 hutumia kiasi hicho hicho kwa nusu saa tu.

Jinsi mita inavyohesabu

Mita za zamani zilikuwa na kisahani cha alumini kilichozunguka nyuma ya kioo. Mita ya namna hiyo ilibuniwa na Ottó Bláthy, mhandisi wa Hungaria, mwaka 1889. Kadiri umeme mwingi ulivyotumika, ndivyo kisahani kilivyozunguka kwa kasi, na magurudumu madogo yenye meno yakahesabu mizunguko hiyo.

Mita za LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, zilizoenea nchini tangu miaka ya 1990, hazina kisahani. Badala yake zina taa ndogo inayomweka. Karibu na taa hiyo pameandikwa idadi ya mimweko kwa kila kilowatisaa, kwa mfano 1000 imp/kWh. Maana yake ni kwamba taa ikimweka mara 1,000, uniti moja imekwisha kutumika. Mita nyingine huwa na 1600 au 3200, kwa hiyo ni lazima namba hiyo isomwe kwanza kabla ya kufanya hesabu yoyote.

Ikiwa mita ni ya mimweko 1,000, kila mmweko ni sehemu ya elfu ya uniti, sawa na jouli 3,600. Hivyo basi, mtu akihesabu mimweko na kupima muda wake kwa sekunde, hupata nguvu inayotumika wakati ule:

Nguvu (wati) = 3,600 × idadi ya mimweko ÷ muda (sekunde)

Kwa mita ya aina nyingine, namba 3,600 hubadilishwa na 3,600,000 iliyogawanywa kwa namba iliyoandikwa kwenye mita.

Jaribio la kwanza: nguvu ya kifaa kimoja

Jaribio hili hufanywa mchana, baada ya wakazi wote wa nyumba kukubaliana kuzima vifaa vyao kwa muda mfupi.

1. Vifaa vyote vizimwe na kuchomolewa katika soketi. Swichi kuu iachwe ikiwa imewashwa.

2. Taa ya mita itazamwe kwa dakika kumi. Ikiwa imeacha kumweka, jaribio laweza kuendelea. Ikiwa inaendelea, kuna kifaa kilichosahauliwa, au kuna hitilafu katika nyaya. Hitilafu ya namna hiyo ni hatari, nayo ni kazi ya fundi mwenye leseni.

3. Kifaa kimoja kiwashwe, mathalani pasi.

4. Saa ianze kuhesabiwa katika mmweko mmoja, na mmweko huo uitwe sifuri. Mmweko unaofuata ndio wa kwanza. Muda usomwe katika mmweko wa kumi.

5. Jaribio lirudiwe mara tatu na wastani uandikwe daftarini.

Pasi ikitoa mimweko 10 kwa sekunde 36 wakati inapopata moto, nguvu yake ni 3,600 × 10 ÷ 36, yaani wati 1,000. Sasa pasi ichomolewe na balbu ya LED ya wati 9 iwashwe. Hapa mwanafunzi atahitaji subira, kwa maana mmweko mmoja utatokea baada ya sekunde 400, ambazo ni karibu dakika saba. Katika muda huo huo pasi ingetoa mimweko 111. Mwanafunzi akiisha kuona hivyo kwa macho yake, hatasahau tena tofauti iliyopo kati ya kifaa cha kutoa mwanga na kifaa cha kutoa joto.

Onyo: mita isifunguliwe wala kuguswa nyaya zake. Kuchezea mita ni hatari kwa maisha na ni kosa kisheria. Jaribio lote ni la kutazama na kuhesabu tu.

Jaribio la pili: vifaa vinavyojiwasha na kujizima

Pasi na jokofu havitumii umeme kwa mfululizo. Ndani yake mna kidhibiti joto, ambacho hukata umeme joto linapofikia kiwango kilichowekwa na kuurudisha linapobadilika. Kwa hiyo haitoshi kujua wati za jokofu. Ni lazima kujua pia linafanya kazi dakika ngapi katika kila saa moja.

Jambo hili ni rahisi kulipima. Mwanafunzi na akae karibu na jokofu kwa saa mbili na kuandika dakika ambayo mtambo wake unaanza kunguruma na dakika unaponyamaza. Ichukuliwe kwamba mtambo una nguvu ya wati 150. Ukifanya kazi dakika 20 katika kila saa, kwa siku nzima utakuwa umefanya kazi saa 8 na kutumia watisaa 1,200, yaani uniti 1.2. Ukifanya kazi dakika 40 katika kila saa, muda wake ni saa 16 na matumizi ni uniti 2.4. Kwa siku 30 tofauti hiyo ni uniti 36, na jokofu ni lile lile.

Sababu ya kawaida ya jokofu kufanya kazi mno ni mpira wa mlango uliolegea au kupasuka. Mlango ufungwe juu ya kipande cha karatasi, kisha karatasi ivutwe. Ikitoka bila kushikwa, hewa ya moto nayo inaingia hapo hapo usiku na mchana. Sababu nyingine ni kulibana jokofu ukutani hata hewa isipite nyuma yake, kulisimamisha juani au karibu na jiko, na kuingiza chakula ambacho bado ni cha moto.

Hesabu ya nyumba yenye vyumba vinne

Na irudiwe sasa ile nyumba ya wapangaji. Huu ni mfano wa darasani, lakini vifaa vyake ni vile vinavyopatikana katika nyumba nyingi. Baada ya kupima kila kifaa, daftari linaonyesha matumizi yafuatayo kwa siku moja:

Chumba cha kwanza (mwanafunzi na kaka yake): balbu ya wati 9 kwa saa 5, watisaa 45, kuchaji simu mbili, watisaa 40. Jumla 85.

Chumba cha pili: televisheni ya wati 60 kwa saa 5, watisaa 300, feni ya wati 50 kwa saa 8, watisaa 400, balbu, watisaa 45. Jumla 745.

Chumba cha tatu (mama anayeuza barafu na juisi): jokofu lenye mpira uliolegea, watisaa 2,400, balbu, watisaa 45. Jumla 2,445.

Chumba cha nne: birika la wati 2,000 kwa dakika 12, watisaa 400, pasi ya wati 1,000, ambayo kidhibiti chake huiwasha kwa jumla ya dakika 12, watisaa 200, balbu, watisaa 45. Jumla 645.

Taa ya nje ya wote: balbu ya zamani ya wati 60 kwa saa 12, watisaa 720.

Jumla kuu ni watisaa 4,640 kwa siku, yaani uniti 4.64. Kwa siku 30 ni uniti 139.2. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, iliyowekwa mwaka 2016 kwa wateja wa matumizi ya kawaida, na kabla ya kuongeza kodi na tozo, gharama ni karibu shilingi 40,646. Kila chumba kikichanga sawa, kitatoa shilingi 10,160 hivi.

Sasa itazamwe hesabu ya mshitakiwa. Chumba cha mwanafunzi hutumia uniti 2.55 kwa mwezi. Sehemu yake ya taa ya nje ni robo ya uniti 21.6, ambayo ni uniti 5.4. Jumla ni uniti 7.95, zenye thamani ya shilingi 2,321. Kumbe yule aliyeambiwa azime taa ndiye aliyekuwa akiwalipia wenzake zaidi ya shilingi 7,800 kila mwezi! Taa yake ya kusomea, kwa saa tano kila usiku, haifiki hata uniti moja na nusu kwa mwezi. Na taa ya nje, ambayo hakuna aliyeishuku kwa kuwa ni ya watu wote, hutumia mara kumi na sita ya hiyo.

Kutoka hesabu hadi akiba

Daftari halikuandikwa ili lawama ihamishwe kutoka kwa mwanafunzi kwenda kwa mama mwenye jokofu. Jokofu hilo ndilo riziki yake, na yeye hakujua kwamba nusu ya umeme wake hupotelea mlangoni. Faida ya kupima ni kwamba huonyesha mahali ambapo marekebisho madogo huleta akiba kubwa.

Kwanza, mpira wa jokofu ukibadilishwa na mtambo ukarudi kwenye dakika 20 kwa saa, watisaa 2,400 huwa 1,200. Pili, balbu ya nje ikibadilishwa na ya LED ya wati 9, watisaa 720 huwa 108, na mwanga haupungui. Balbu ya zamani hugeuza karibu sehemu moja tu katika ishirini ya umeme wake kuwa mwanga. Iliyobaki yote ni joto, kama ajuavyo kila aliyewahi kuigusa. Tatu, nguo zikipigwa pasi kwa pamoja mara moja au mbili kwa wiki, pasi haitapashwa moto upya kila asubuhi. Watisaa 200 zaweza kushuka kuwa 120. Nne, birika likijazwa maji yanayohitajika tu, watisaa 400 zaweza kuwa 300.

Jumla mpya ni watisaa 2,648 kwa siku, au uniti 79.44 kwa mwezi. Gharama kwa bei ile ile ni shilingi 23,196. Nyumba imeokoa shilingi 17,450 kila mwezi, na hapana mtu aliyekaa gizani, aliyekosa chai wala aliyezuiwa kusoma.

Akiba yaweza kwenda mbali zaidi. Katika bei hizo za mwaka 2016, wateja wadogo wa majumbani waliwekewa shilingi 100 kwa kila uniti katika uniti 75 za kwanza za mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo. Kwa mteja wa daraja hilo, uniti ya 76 hugharimu mara tatu na nusu ya uniti ya 75. Mtu asiyepima hawezi kujua ni siku gani amevuka mpaka huo. Bei hubadilika, kwa hiyo kila mwanafunzi atumie risiti ya nyumbani kwake: fedha iliyolipwa ikigawanywa kwa uniti zilizopatikana, jibu ndilo bei halisi ya uniti moja.

Kutoka nyumbani hadi bwawani

Hesabu ya nyumba moja ni ndogo, lakini taifa ni mkusanyiko wa nyumba. Kituo cha Kidatu, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1975 kwa maji ya Mto Ruaha Mkuu, kina mashine nne zenye jumla ya megawati 204. Kila moja ni megawati 51. Balbu ya wati 60 ikibadilishwa na ya wati 9, wati 51 huokolewa. Nyumba milioni moja zikibadilisha balbu moja moja ambazo huwaka kwa wakati mmoja jioni, wati zinazookolewa ni milioni 51, yaani sawa na mashine nzima ya Kidatu.

Ni kweli kwamba Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, lina mitambo yenye uwezo wa megawati 2,115. Hata hivyo, wingi wa umeme bwawani haupunguzi fedha inayotoka mfukoni mwa mpangaji ambaye mlango wa jokofu lake unavuja.

Hitimisho

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Umeme ni mali ya namna hiyo hasa, kwa kuwa hauonekani unapoingia wala unapotoka. Mwalimu wa fizikia anaweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi la wiki moja: kila mwanafunzi asome mita ya nyumbani asubuhi na jioni, aandike uniti zilizobaki na zilizonunuliwa, apime vifaa vitatu, kisha alete daftari darasani. Nyumbani nako, kabla ya mtu yeyote kuambiwa azime taa yake, mita na isomwe kwanza.

Maswali

1. Mita yenye maandishi 1600 imp/kWh imemweka mara 20 kwa sekunde 90. Tafuta nguvu inayotumika.

2. Lita 2 za maji zinapashwa moto kutoka nyuzi 25 hadi 100 za Selsiasi. Kilo moja ya maji huhitaji jouli 4,200 ili ipande nyuzi moja. Tafuta nishati inayohitajika kwa jouli na kwa uniti. Kwa nini birika halisi litatumia zaidi ya hapo?

3. Nyumba ya mfano imefikia watisaa 2,648 kwa siku. Ili isizidi uniti 75 kwa siku 30, ni watisaa ngapi zaidi zipunguzwe kila siku? Pendekeza njia mbili na uonyeshe hesabu.

4. Wapangaji wanne wameamua kuchangia kufuatana na daftari. Jadilini: gharama ya taa ya nje igawanywe sawa, au kila mmoja achangie kulingana na matumizi ya chumba chake? Toeni sababu.